Kura za Mstari, Kijiwe cha Stesheni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimechukua fomu! Uenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda, hapa stesheni Kimamba. Mimi Doris, mwanamke pekee kijiweni, dhidi ya Elikana, mwenyekiti wa sasa. Yeye ndiye anayepanga zamu za abiria, na tangu nije kanipanga wa mwisho, nyuma hata ya wenye pikipiki zisizo na breki. Nimechoka. Akishinda tena nauza pikipiki, narudi Lumuma kwa mama kulima vitunguu.

Asubuhi nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Basi, kampeni imeanza.

Jumanne, 10 Juni
Tunapiga kura kwa mstari: unasimama nyuma ya unayemtaka. Msimamizi ni Mzee Lupakisyo, mstaafu wa reli. Kumi na tisa kwa kumi na tisa — sare! Elikana akadai tuhesabiwe upya. Katikati ya kuhesabu wakatokea abiria wa Munisagara, na mistari yote miwili ikawakimbilia. Madereva waliporudi, wengine hawakukumbuka walikuwa upande gani. Mzee kafuta yote.

Jumatano, 11 Juni
Elikana kaleta abiria wa uongo! Shemeji yake, na begi tupu, anataka kwenda Mikumi, na dereva anamtaka Ditram tu. Ditram ni kura yangu! Nami nikampigia binamu yangu Joha, akaja kumkodi Goodhope wa upande wa pili. Wakazunguka soko, wakarudi. Sare tena. Mzee kakasirika: kesho atakayetoka mstarini, kura yake imekufa. Tukampigia makofi, wajinga sisi.

Alhamisi, 12 Juni
Naandika kwenye simu, benchi la hospitali, Kilosa.

Mzee alikuwa anahesabu. Akaja Domina, mke wa fundi baiskeli, kashika ukuta, uchungu wa kuzaa umembana. Akaomba mtu ampeleke hospitali. Wanaume wote wale — wakaangalia juu kama wanasubiri mvua. Elikana akasema lazima mtu ampeleke, huku akiutazama mstari wangu. Nami niliutazama wake. Naona aibu, lakini niliutazama. Domina akakaa chini.

Nikaweka helmeti yangu pale niliposimama, nikampakia. Njia nzima kanishika kiuno, ananiomba nisimwache.

Ditram kapiga simu sasa hivi. Mstari wangu haujatawanyika, wamesimama nyuma ya helmeti! Goodhope naye kahamia kwetu. Elikana anapinga, helmeti haiwezi kugombea. Mzee kaamua: nikirudi kabla ya saa nane, nimeshinda. Nikichelewa, Elikana anaendelea.

"Dada, washa pikipiki uje," Ditram kasema. "Tunaungua na jua huku."

Ni saa saba na nusu. Nikiondoka sasa nawahi. Ufunguo ninao mkononi.

Nesi katoka. Anauliza nani ndugu wa Domina. Benchi zima ni mimi tu. Nimemwambia ni mimi.

Anasema nivue viatu, niingie.