Iliyoingilia Upande Wenu

Shikamoo dada,

Sweta uliyonifumia imefika, na mara hii mikono inanitosha.

Juzi wenye darubini walituandikia kwamba wameona nyota ya mbali mno ikilipuka, wakatuomba sisi wa nyutrino tupekue rekodi za saa ile. Hizo ni chembe zinazopenya ukuta, mlima, hata mwili wako, bila wewe kujua. Kwa kawaida hatupati kitu, na tunaandika hivyo hivyo: hakuna. Safari hii ilikuwepo moja. Iliondoka kwa nyota yake kabla hajazaliwa binadamu yeyote, ikaingilia upande wenu wa dunia, ikapenya miamba yote hadi kwenye mitambo yetu iliyofukiwa barafuni. Niliduwaa hadi chai ikapoa.

Kisha nikatazama saa iliyorekodiwa ilipopita. Ilikuwa Alhamisi ile, saa nne asubuhi ya kwenu, mlipokuwa mnamteremsha mama kaburini. Huenda ilipita hapo hapo katikati yenu.

Dada, dunia nzima haikuweza kuizuia. Mimi nilikwambia bosi amenizuia kuja. Sikumwomba ruhusa.

Mdogo wako,
Kitindamimba