Vipindi vya Hisabati Nilivyovifupisha

Kwako Kabula, mwanangu,

Mama yako amenikuta na daftari na kalamu, akauliza kama nimeamua kurudi shule uzeeni. Nimemwambia naandika barua ya mapenzi. Akasema, "Huyo mwanamke ana bahati mbaya, mwandiko wako kama kuku aliyepita kwenye matope." Basi vumilia. Unajua niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa machungani siku nyingi kuliko darasani.

Sikuulizi hali. Huu ni mwaka wa pili tangu tukulaze kule Misungwi kando ya bibi yako, na kama hali imebadilika sitarajii uniambie. Nina neno ambalo nilipaswa kukuambia ungali hai. Nililimeza mara nyingi, mpaka nikamaliza nafasi zote.

Ni habari ya ile kengele.

Nilipokuwa mlinzi wa shule yenu, ile ya juu kwenye mawe, kazi yangu ya mchana ilikuwa kugonga rimu ya lori iliyoning'inia mtini. Kila dakika arobaini nagonga kwa nondo, na dunia inabadilika. Mwalimu mmoja anatoka, mwingine anaingia, madaftari ya Sayansi yanafungwa, ya Kiswahili yanafunguliwa. Nilikuwa nawatania walimu. Ziwa liko pale chini, kila mtu analiona, lakini ninyi mmelikata vipande kama mtu wa bucha. Maji yake mmempa wa Maarifa ya Jamii, samaki wake mmempa wa Sayansi, urefu wa mtumbwi uko kwa wa Hisabati, na mtoto akiuliza habari ya sangara kabla ya zamu yake anaambiwa akae chini. Walimu walicheka, isipokuwa Mwalimu Petro wa Hisabati. Yule hakucheka hata siku ya harusi yake, na mimi nilikuwepo, nilikula wali wake.

Dirisha la darasa lako lilitazama mti wangu. Ulipoingia la tano, Mwalimu Petro alikuwa na desturi ya kuita watoto ubaoni mwishoni mwa kipindi, mmoja mmoja, kufanya swali mbele ya wenzao. Mara ya kwanza alipokuita nilikuona. Ulishika chaki kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Bega lilipanda mpaka likagusa sikio. Fimbo ilikuwa mezani. Nikatazama saa yangu, zimebaki dakika nane.

Nikagonga.

Ulitoka nje unakimbia, ukanipitia pale mtini na kunong'ona, "Baba, leo umeniokoa." Mayu, mama yangu, hakuna padri aliyewahi kuniambia neno tamu kama lile.

Baada ya hapo ikawa kazi. Kila kipindi cha Hisabati macho yangu yalikuwa dirishani. Ukiitwa tu, nagonga. Dakika sita, dakika kumi, siku moja robo saa nzima. Dakika hizo nilizipeleka kwenye Maarifa ya Jamii, kwa sababu yule mwalimu wa kike alikuwa anajua kusimulia, na mimi nilikuwa nasikiliza kutoka nje. Mwalimu Petro alinifuata siku moja akiwa na saa yake mkononi.

"Mzee Masanja, kipindi changu kina dakika ngapi?"

"Arobaini, mwalimu."

"Mbona cha mwenzangu kinafika hamsini?"

"Labda yeye anaongea polepole."

Hakucheka. Nikasingizia saa yangu, nikasema inakimbia tangu ilipoanguka ziwani. Jioni nilikusimulia, tukacheka mimi na wewe mpaka mama yako akatufukuza jikoni.

Kitu ambacho sikukijua mimi wa darasa la nne ni hiki. Zile dakika za mwisho ndizo Mwalimu Petro alizokuwa anazitumia kurudia. Aliyekosea ubaoni alionyeshwa kosa lake liko wapi, na waliokaa wakaliona pia. Nilidhani naukata mwisho wa mateso, kumbe naukata mwisho wa somo. Miaka mitatu, Kabula. Wewe na darasa zima.

Matokeo ya la saba yalipobandikwa ukutani, nilienda kuyasoma mimi, wewe ulikataa. Kila somo lilikuwa na herufi yake, limekaa peke yake kama halimjui jirani. Kiswahili, A. Maarifa ya Jamii, A. Sayansi, B. Hisabati, E. Wakati ule shule za sekondari zilikuwa chache, ukiteleza mahali pamoja hakuna wa kukuokota. Jina lako halikuwemo kwa waliochaguliwa. Nilipokuambia ukasema, "Ni kichwa changu, baba. Hakina Hesabu."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Usijali."

Ukajifunza cherehani. Ulipofungua kibanda chako pale Buzuruga karibu na stendi, nilikuwa naja kukaa kwenye benchi na kuwasumbua wateja wako. Nakumbuka siku ulipokuwa unakata sketi za shule. Ulimpima mtoto kiuno kwa futi, ukatazama kitambaa, ukapiga alama za chaki moja baada ya nyingine bila kuandika popote, na marinda yote yakatoka sawasawa, hakikubaki hata kipande kimoja. Nikajaribu na mimi kwa vidole, nikapotea kwenye rinda la tano.

"Kabula," nikasema, "hii si Hisabati?"

Ukacheka na pini mdomoni. "Hapana, baba. Haya ni marinda. Hisabati ni ile iliyonishinda."

Ungekuwa umenichoma kwa ile pini ningeumia kidogo kuliko hapo, au pengine sawa. Nikaomba chai.

Halafu kile chuo cha ufundi kikatafuta mwalimu wa ushonaji. Walikuja wenyewe kibandani, wakageuza kazi zako ndani nje, wakasifu, kisha wakaomba cheti cha kidato cha nne. Uliwaambia huna, ukawafungashia sketi zao vizuri. Mimi nilikuwa palepale kwenye benchi. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha hospitali, ugonjwa ulipokushika. Ulikuwa umebaki macho na utani. Nilikuwa nakukanda miguu, ukasema, "Baba, ukisikia wananiita ubaoni huko niendako, gonga." Muuguzi alicheka. Mimi nilicheka. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya jengo mahali wanapoanika mashuka, nikalia kama ndama. Nilirudi na uamuzi wa kukuambia. Ulikuwa umelala, na hukuamka tena.

Basi lisikie sasa. Kichwa chako kilikuwa kizima. Mkono wangu ndio uliokufelisha. Nilikuacha ujidharau miaka yote hiyo kwa sababu nilipenda mno kuitwa mwokozi, na nilijua siku nitakayosema ukweli zile asante zitakwisha.

Minza, mwanao, yuko darasa la sita sasa. Bega linapanda vilevile. Juzi niliitwa shuleni kama mzazi, nikafika mapema, nikakaa kibarazani. Nikamwona dirishani, yuko ubaoni, anafanya hesabu ya sehemu. Mlinzi wa sasa ni mtu mzima kama mimi, alikuwa karibu na kengele anatafuta kiberiti. Nilimtazama mara moja nikajua bei yake ya kugonga mapema ni sigara mbili. Nilikuwa nazo mfukoni.

Nilizikalia sigara zangu, Kabula. Mwalimu, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akasema, "Futa, Minza, anza tena." Akafuta, akaanza. Akafuta tena. Nilimwona anapangusa macho kwa mkono wenye chaki. Kipindi kilikwisha kwa wakati wake, swali halijaisha.

Alipotoka akanikuta.

"Babu, ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Sasa mbona hukuniita? Ungesema tu kwamba umekuja kunichukua."

Nikasema nilikuwa nasubiri amalize. Akatangulia mbele, akanikataza kumbebea begi. Tangu juzi ananipa shikamoo kwa sababu bibi yake anamtazama, na zaidi ya hapo hanisemeshi.

Hasira hii ulipaswa kunipa wewe, ukiwa na umri wake. Hukuwahi. Namwacha aninunie mpaka achoke, na nusu ya kununa kwake naipokea kama imetoka kwako.

Nisamehe, mayu. Pumzika.

Ni mimi baba yako,
Masanja