Taa ya Hodi

Batsinda,
Gasabo, Kigali.
17 Agosti 2025

Mpendwa Dada Annah,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na mtoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepona kabisa. Sisi huku hatujambo. Mama hurudi amechoka kila jioni kutoka jikoni kwa watu kule Gisimenti, lakini hajaugua. Bibi anakula vizuri, ila masikio yanazidi kuziba. Ukimwuliza ameamkaje, anakujibu habari za mvua.

Nampa barua Gisa, yule dereva wa lori anayefahamiana na Mama, kwa sababu anashuka Mwanza wiki hii. Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu unanijua: wewe unauliza, mimi nasema "ndiyo", mpaka salio linakwisha.

Shule imekwisha na majibu ya mtihani bado hayajatoka. Sikujua kwamba kumaliza shule kuna ukimya namna hii. Ingabire, aliyekuwa analala kitanda cha juu yangu bwenini, amerudi kwao Rusizi. Asubuhi nakwenda soko la Kimironko kumsaidia fundi Munyakazi kushona vifungo na kukunja mapindo ya sketi. Wasichana wa pale wanataniana siku nzima. Mimi huwa nacheka wao wakiwa wamekwisha kucheka, basi wananitazama.

Sasa nikueleze habari ya zawadi yako. Kile kisanduku cha vifaa vya umeme kimenifaa kuliko ulivyofikiri. Karatasi yake inafundisha kutengeneza ua linalowaka. Ua sikulitengeneza. Nimetengeneza taa ya Bibi.

Ilianzia siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi uliopita, mtaa mzima tulipokuwa tunazibua mtaro. Nilikuwa karibu na mama Mukabalisa, rafiki wa Bibi tangu wakiwa wakimbizi Karagwe. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa anakuja kunywa chai na Bibi huku wakisengenya watu waliokwisha kufa. Akaniambia bila kuniangalia, "Nimefika kwenu mara ya kwanza, nikapiga hodi, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikasema basi, mukecuru wenu, huyo bibi yenu, amenichoka." Nilitaka kumwambia kwamba Bibi hasikii tena, kwamba asubuhi yuko peke yake na hodi haimfikii. Nikaendelea kuchota tope.

Na Bibi, kila nikirudi sokoni, ananiuliza, "Mukabalisa ameugua?" Namwandikia kwenye kiganja kwa kidole, hapana. Anatazama mlango. Dada, nilishindwa kuvumilia yale macho.

Basi nikaweka kitufe mlangoni nje, nikapitisha waya juu ya dirisha hadi ukutani sebuleni, nikafunga taa nyekundu tatu na betri yake. Nilitaka mgeni akibonyeza, Bibi aone. Kwanza nilizifuatanisha kama shanga kwenye uzi mmoja, na hazikuwaka hata kidogo. Nikatoa moja, zikabaki mbili, zikawaka kama kaa linalokufa. Mchana, dirisha likiwa wazi, Bibi alikuwa anakaa mbele ya taa hizo anachambua maharage bila habari.

Nikafikiri kinachozuia mwanga ni rezista, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi kinachopunguza umeme kabla haujafika kwenye taa. Nikakiondoa. Taa moja iliwaka vizuri mno, nikafurahi, kisha ikatoa harufu ya plastiki na kufa. Ile furaha ilikuwa fupi sana.

Ikabidi ninunue nyingine. Pale Kimironko kuna kijana anaitwa Hirwa, anauza vipande vya redio. Nilisimama mbele ya meza yake nikiwa nimepanga maneno yote, yakapotea. Nikanyoosha kidole tu.

"Dada, rezista haziumi," akasema. "Ongea nazo."

Wenzake wakacheka. Nilichukua taa na rezista ndogo zaidi, zinazoruhusu umeme mwingi kidogo, nikaondoka masikio yanawaka moto. Lakini nyumbani nilisoma tena ile karatasi yako taratibu, nikaelewa kosa langu. Taa zikiwa kwenye mstari mmoja zinagawana nguvu ya betri, kila moja inabaki na njaa. Nikaziweka sambamba, kila moja na njia yake na rezista yake. Zikang'aa!

Bado Bibi hakuziona. Hapo nilikaa chini karibu nilie. Nikaja kugundua kwamba taa hizi zina uso: zinamulika pale zinapoelekea tu, na mimi nilikuwa nimezielekeza darini. Nikazigeuza zitazame kiti chake, nyuma ya taa nikabandika karatasi nyeusi ili mwanga uonekane. Nikamwandikia Bibi kiganjani: ikiwaka, ni mgeni. Nikatoka nje, nikafunga mlango, nikabonyeza. Aliye nje haoni kama ndani kumewaka. Nilisimama pale kama mtu anayedai kitu, nikisikiliza. Kisha kitasa kikazunguka. Bibi alikuwa amejifunga kitenge kizuri.

Lakini siku zikapita, taa hakuna aliyeiwasha. Wageni wetu wana adabu, Dada. Wanapiga hodi, wanasubiri, wanaondoka. Nani ataona kitufe ukutani akakigusa? Ikabidi niende kwa mama Mukabalisa mwenyewe. Nilipita mbele ya nyumba yake mara nyingi kabla ya kuingia. Nikamweleza yote, nikiongea na viatu vyangu.

"Kwa hiyo hasikii?" akauliza. Akafuta uso kwa kanga. Halafu akarudi kuwa yule yule. "Lakini nibonyeze mlango wa mwenzangu kama iko ofisi? Mimi?"

Nikamwambia, "Hodi piga kama kawaida, mama. Kisha ubonyeze. Hodi ni yako, kitufe ni cha Bibi." Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Yalitoka tu.

Alhamisi nilirudi nikakuta vikombe viwili vimeoshwa, vimeinamishwa juu ya meza. Bibi hakuniuliza kitu. Alikuwa anacheka peke yake.

Mimi ufunguo ninao. Hata hivyo siku hizi, nikitoka sokoni, nasimama mlangoni nabonyeza. Bibi anakuja, anasema, "Karibu mgeni, umetoka mbali?" Namwambia nimetoka Kimironko. Hasikii, lakini ananishika mkono kuniingiza ndani.

Msalimie sana shemeji, na shangazi Béatha, na mtoto umbusu shavu kwa niaba yangu. Mama na Bibi wanawasalimu wote. Mungu awafunike na awape amani nyumbani mwenu.

Ulisema labda Desemba utakuja. Ukifika, piga hodi unavyotaka, kisha usisahau kubonyeza. Baada ya chakula cha mchana, siku hizi, mimi hukaa kwenye mkeka kando ya kiti cha Bibi, nikiutazama ukuta ule ule wenye taa.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Ikirezi