Ukwaju Niliomnyima Salma

Hamriya, Maskat

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Mungu akujaalie afya na wepesi katika masomo. Sisi hatujambo, magoti ya babu yako yametulia, na mama yako kesha kuhamia Al Khoudh.

Umeniuliza kwa nini kila ukinitajia mkahawa wa Bibi Salma huko Uingereza mimi hugeuza mazungumzo. Basi nikwambie kweli: nna wivu na mdogo wangu huyo tangu ujana.

Tulipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi nilimfuata mume wangu Maskat, yeye akamfuata wake Uingereza. Ya njiani tuyaache. Salma hakujua hata kukuna nazi, lakini baada ya miaka mitatu akaniandikia kuwa wanafungua mkahawa wa kuwauzia Wazungu mchuzi, nimwelezee mchuzi wa nazi wa mama. Akatia na picha yake kasimama mlangoni, jina lake kubwa juu ya dirisha. Langu mimi halijaandikwa popote. Nikamwandikia kila kitu isipokuwa ukwaju, makusudi.

Mwaka wa sabini akaja kututembelea, nikampikia mchuzi ule ule. Akalamba vidole, akacheka.

"Dada, ukwaju hukuniandikia. Nilijua siku ile ile nilipoonja. Lakini Wazungu hawataki uchachu, wanaupangia foleni mchuzi huo huo wako usio na ukwaju. Ahsante, dada."

Alinishukuru kwa moyo safi, Nasra. Bora angenitukana.

Bibi yako,
Zuwena