Mchezo wa Miguu

Ruponda, Machi 1951

Mpenzi Baba Ashura,

Sisi wazima, na mtama wangu umerefuka kuliko wa majirani wote. Barua yako ya kutuita Nachingwea, kwenye nyumba ya bati, imefika.

Jana mchana radi ilichachamaa, giza likaingia ndani. Nilifunika kioo kwa kanga, nikawaketisha wanao watatu mkekani, wakanyoosha miguu tucheze. Watoto wa jirani walipiga mayowe. Wangu? Isihaka alisema, "Radi inanguruma kama tumbo la babu!" Wakacheka. Nani kazaa kama mimi?

Nikapapasa miguu gizani nikiimba: Mwamini, Yunusi, Isihaka. Pembeni nikagusa mingine, ya baridi, ina matope. Nikairuka, nikarudi kwa Mwamini.

"Mama, usimruke dada," Yunusi akasema. "Naye anacheza."

Tangu tumzike Ashura masika yaliyopita, hakuwahi kurudi. Nikamwimbia mpaka mwisho. Mvua ilipokatika, upande ule wa mkeka ulikuwa umelowa chapachapa.

Nyumba ya bati ni nzuri, najua. Lakini usilete lori, mume wangu. Mvua bado zipo, na huko Ashura hapajui.

Mkeo akupendaye,
Mama Ashura