Maneno ya Musyimi Kinywani mwa Mwizi

Alhamisi, 31 Julai 2025

Nimemaliza! Ile hadithi ya zamani ya watu wa milimani huko Amerika sasa iko kwa Kikamba. Kigumu kilikuwa matamshi. Mwandishi aliwapa watu wa mjini Kiingereza safi, ila mwizi wa nguruwe akamwachia lugha ya kwao, vile mdomo ulivyoitamka. Nami nikafuata: watu wa mjini wanaongea kama sisi wa Kikima, mwizi anaongea Kikamba cha Kitui. Maneno nilipewa na jirani yangu Musyimi, mzaliwa wa Migwani, huko Kitui. Chai baada ya chai, akikumbuka misemo ya mama yake. Hakuuliza maneno hayo nitampa nani hadithini. Sikumwambia.

Jumapili, 3 Agosti

Nilisoma kanisani baada ya ibada. Walicheka mpaka machozi! Kila mara mwizi akifungua mdomo, macho yote kwa Musyimi. Mwanzoni naye alicheka. Kisha nikafika pale mwizi anabembeleza nguruwe wa wizi — kwa maneno ambayo mama yake Musyimi alikuwa akimbembeleza nayo alale, utotoni. Akachukua kofia yake, akatoka.

Nilimwona. Nikaendelea kusoma.

Jumanne, 5 Agosti

Mke wangu Kaveke ametoka posho mill, kusaga mahindi. Vijana sasa wanamwita Musyimi Mzee wa Nguruwe. “Na Jumamosi ndiye msemaji wetu,” akasema. “Ama utatuma kitabu?”

Mwana wetu Mulinge anaoa Ndinda wa Migwani. Tunapeleka ntheo, mbuzi ambao bila wao hakuna ndoa. Musyimi tulimchagua kwa kuwa ni mtu wa huko.

Nimeenda kwake. Nikaeleza: yule Mmarekani alikuwa akihifadhi lugha isipotee... Nilieleza sana. “Sawa, Mwalimu,” akasema. Pole sikusema. Nilikuwa nikifundisha.

Jumamosi, 9 Agosti, Migwani

Naandika ndani ya gari. Musyimi alisimama mbele ya wazee wa kina Ndinda — akaongea Kikamba cha Kikima! Kila neno, kama mimi. Mzee Munyao, aliyecheza naye utotoni, akamkemea: “Wewe! Unatuongelea kama mgeni? Kwani sisi tunanuka?” Wamekataa kupokea mbuzi.

Musyimi akajibu polepole: “Lugha ya nyumbani nilimpatia Mwalimu. Muulizeni aliipeleka wapi.”

Mbuzi bado wamefungwa nje ya lango. Mulinge ananitazama tu. Nimewaambia wazee nakuja, nachukua miwani kwenye gari.

Miwani ninayo machoni.