Picha Yenu Kwenye Ubao wa Bustani

Chebet, mdogo wangu,

Natumai huko Ndanai hamjambo. Hapa Kericho mvua hunyesha kila alasiri, kisha watu hurudi kwenye bustani ya mji na kukalia magazeti juu ya nyasi zilizolowa. Leo, kwenye ubao wa mpiga picha, nimewaona wewe na Mama mmekumbatiana. Hukuniambia aliwahi kukuleta hapa.

“Huyo mama alicheka mpaka akakaa chini, madam,” mpiga picha akasema. “Nikupige pia?”

Nilikataa. Mimi Mama huniuliza tu masomo yanaendaje. Nimewaonea wivu mpaka chai ikanishinda.

Nawapenda, hata hivyo. Mwambie Mama niko hapa mpaka Jumapili, na bado sijapigwa picha.

Dada yako,
Chelangat